Hesabu ya Maganda Matano

Ninalo kopo la maziwa ya unga lililoota kutu ukingoni. Ndani yake mna maganda matano ya risasi, matupu, ya rangi ya shaba iliyochoka. Baba yangu alikuwa mtunza depo ya silaha katika Kambi Ketele, siku hizo mji wetu wa Kisangani ukiitwa Stanleyville, na nilipotimiza miaka mitano alinifundisha kuhesabu kwa maganda. Watoto wa jirani walihesabu kwa kokwa za mawese. Mimi nilihesabu kwa shaba, na kila ganda lilikuwa na jina lake kama mtu: Albini, Mauser, Tisa. Hayo ndiyo matatu ya mwanzo. Mawili mengine yaliongezeka baadaye, na nitaeleza yalivyonifikia.

Juzi mjukuu wangu alikuja kwa toleka, baiskeli ya abiria, kutoka Mangobo, akakuta nimelimwaga kopo mezani. Ana miaka 16. Anacheza vita kwenye simu, na anajua majina ya bastola kuliko majina ya wajomba zake. Akaliokota Tisa, akaligeuzageuza, akauliza: "Koko, kati ya tisa na arobaini na tano, ipi ina nguvu zaidi?"

Nilifundisha historia miaka 34, kwa hiyo sipendi kujibu swali kabla sijaliuliza limetoka wapi. Nikamwambia aketi. Haya ni yale niliyomwambia, pamoja na mengine yaliyonijia alipokwisha kuondoka.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo nyepesi. Namba 9 ni upana wa risasi kwa milimita. Namba 45 ni upana pia, ila Wamarekani hupima kwa sehemu mia za inchi. Ukigeuza unapata milimita 11.43. Risasi ya 45 ina uzito wa karibu gramu 15, na hutoka mtutuni kwa mwendo wa mita 250 hivi kwa sekunde. Ya 9 ina gramu 8 hivi, nusu tu ya mwenzake, lakini hukimbia mita 350. Moja ni mnene anayetembea, nyingine ni mwembamba anayekimbia. Mwalimu yeyote wa fizikia atakuonyesha ubaoni kwamba nguvu zao zinakaribia kulingana, karibu jouli 480 kila moja.

Kisha zote mbili zimepita mikononi mwa fundi mmoja. John Browning alizaliwa Ogden, huko Utah, mwaka 1855. Yeye ndiye aliyeibuni risasi ya 45 pamoja na bastola ya Colt iliyopokewa na jeshi la Marekani mwaka 1911, yenye risasi 7 kwenye magazini. Risasi ya 9 ni ya Mwaustria Georg Luger, ya mwaka 1902, lakini bastola iliyoisambaza duniani aliianza Browning huyohuyo katika kiwanda cha FN, mji wa Herstal, karibu na Liège, Ubelgiji. Alifia hukohuko kazini mwezi Novemba 1926, bastola haijakamilika. Dieudonné Saive akaimalizia, na mwaka 1935 ikatoka kwa jina Grande Puissance, yaani Nguvu Kubwa, ikiwa na risasi 13. Maofisa wetu waliiita GP kwa kifupi. Kwa hiyo, nilimwambia mjukuu wangu, anayeuliza tisa au arobaini na tano anauliza kama Browning wa Ogden alimshinda Browning wa Herstal.

Alicheka, lakini hakuridhika. Naye alikuwa na haki, kwa sababu swali la risasi nene na risasi nyembamba lina umri mkubwa kuliko bastola hizo, na hapa mtoni petu lilishapita likiwa limevaa nguo nyingine.

Alipopita msafiri Stanley mwezi Januari 1877, akiyashuka maporomoko saba ya Boyoma huku akipigana na Wagenya na jirani zao, bunduki zilikuwa ngeni huku chini ya mto. Miaka michache baadaye Waungwana, watu wa misafara ya pwani, walishajaa, na silaha ya wengi wao ilikuwa gumegume. Gumegume hutiwa baruti kwa mdomo wa mtutu, ikashindiliwa kwa mti, kisha ikafuata goloi ya risasi. Na risasi ikikosekana, vipande vya chuma. Mtu wa gumegume hachagui kaliba. Humezesha bunduki chochote kinachopita kooni.

Mwezi Desemba 1883 Stanley alirudi kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akaacha kituo kisiwani kwenye maporomoko. Mwaka 1886 mkuu wa kituo alikuwa Mwingereza, Walter Deane. Mwanamke mtumwa alikimbilia kwake, bwana wake akamdai, Deane akakataa kumrudisha. Mwezi Agosti Waungwana wakamvamia. Deane alikuwa na mizinga miwili ya Krupp na askari Wahausa na Wabangala wenye bunduki za kisasa. Kwa upana, kwa mwendo na kwa shabaha, silaha zake zilizishinda za adui. Alipigana siku nne. Kisha risasi zikaisha, askari wengi wakapanda mitumbwi wakaondoka, naye akatoroka usiku. Mwenzake Dubois akafa maji. Deane akajificha msituni majuma mengi, akilishwa na wenyeji, mpaka afisa Coquilhat alipokuja kumwokoa.

Baba alipenda sana kisa hicho. Hakukisoma kitabuni, alikipata kwa askari wazee. Akikimaliza alikuwa akigonga kopo kwa ukucha na kuniuliza, "Deane alishindwa na bunduki gani?" Jibu sahihi lilikuwa: alishindwa na sanduku tupu.

Baada ya hapo Leopold alichagua kupatana na mwenye nguvu. Mwezi Februari 1887, huko Zanzibar, Stanley alifunga mkataba na Hamed bin Muhammed el Murjebi, akawa wali wa Stanley Falls kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Dunia inamjua kwa jina la Tippu Tip, na katika maisha yake aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili anasema jina hilo alipewa na wenyeji kwa mlio wa bunduki zake. Tafakari hilo, msomaji. Wali wa kwanza wa mji wetu kwa mkataba aliitwa kwa sauti ya risasi.

Na kisa cha bastola mkoani Tshopo kiko mapema vilevile. Msafara wa Stanley wa kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Equatoria, uliacha kikosi cha nyuma Yambuya, kwenye mto Aruwimi, kingoje wapagazi wa Tippu Tip. Kiongozi wake, Meja Barttelot, alikuwa mkali kupita kiasi. Alfajiri ya tarehe 19 Julai 1888, huko Banalia, mwanamke alikuwa akipiga ngoma na kuimba. William Bonny, aliyekuwepo, ameandika kwamba Barttelot aliinuka kitandani, akachukua bastola yake, akatoka kwenda kuinyamazisha ngoma. Mume wa yule mwanamke, Sanga, alimpiga risasi moja kutoka tundu la ukuta wa nyumba, akaanguka palepale. Sanga alihukumiwa hapa maporomokoni na kupigwa risasi. Bastola ya Barttelot haikupata nafasi ya kuulizwa ni ya kaliba gani.

Sasa lishike ganda la Albini, la kwanza katika kopo langu. Ni fupi na nene kama kidole gumba cha mvuvi. Bunduki ya Albini ilipokewa na jeshi la Ubelgiji mwaka 1867: milimita 11, risasi moja kwa kila kupakia, baruti nyeusi yenye moshi wa kuficha mti. Ilipozeeka Ulaya, ikapelekwa Kongo kwa askari weusi wa Force Publique, jeshi la koloni. Maofisa wazungu wakashika Mauser, milimita 7.65, bunduki iliyofanya kiwanda cha FN kianzishwe mwaka 1889. Hilo ndilo ganda la pili katika kopo: refu, lenye shingo kama ya chupa. Huo ukawa mgawanyo kwa muda mrefu: nene kwa mweusi, nyembamba kwa mweupe. Baba, aliyeyapanga maganda hayo mawili sambamba sakafuni, alinieleza kwa sentensi moja: "Anayeogopa askari wake humpa bunduki ya jana."

Mgawanyo huo ulikuwa pia wa sheria. Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels, na lengo lililotangazwa lilikuwa kukomesha biashara ya watumwa. Kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, bunduki zenye mifereji ndani ya mtutu na zile za kupakiwa kwa nyuma zilizuiwa zisimfikie raia. Kilichoruhusiwa kuuzwa ni gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Silaha zote zinazoingia zilipaswa kuwekwa katika maghala ya serikali, na zisitoke bila idhini ya mkuu. Mimi sisemi walanguzi wa watumwa walistahili kuuziwa Mauser. Nasema tu kwamba watu weupe walikaa mezani Brussels wakachagua, kwa niaba ya bara zima, nani ashike kaliba gani, na wakaandika pia nani ashike ufunguo wa depo.

Matokeo yake yalionekana upesi. Vita kati ya Dola ya Leopold na Waungwana vilianza mwaka 1892. Mwezi Mei 1893 Rashid, mpwa wa Tippu Tip, alikishambulia kituo hiki chetu. Afisa Tobback alibanwa kama Deane alivyobanwa miaka saba nyuma, mahali palepale. Safari hii, siku chache tu baadaye, afisa Chaltin akafika kwa meli kutoka chini ya mto, na watu, na masanduku. Rashid akaondoka. Kilichobadilika kati ya Deane na Tobback ni meli iliyowahi.

Baada ya ushindi huo ndipo ganda la Albini likapata kazi ambayo baba hakupenda kuizungumza, na mimi niliisoma nikiwa mtu mzima. Katika nchi za mpira, hasa Équateur, askari walipewa risasi kwa hesabu na kutakiwa waoneshe kwamba hazikupotea bure, wala hazikutumika kuwindia nyama. Ushahidi wa kila risasi ukawa mkono wa kulia wa mtu aliyeuawa. Askari aliyepiga nyani aliutafuta mkono mahali pengine, hata kwa aliye hai. Roger Casement, konseli wa Uingereza, aliyaandika hayo katika ripoti iliyochapishwa mwaka 1904. Nilipoisoma mara ya kwanza niliona jambo ambalo binti wa mtunza depo lazima alione: lilikuwa daftari la stoo. Upande mmoja risasi zilizotoka, upande wa pili viungo vya watu, na chini hesabu ilinganishwe.

Mwaka huohuo wa 1904, mbali na hapa, swali la mjukuu wangu lilizaliwa rasmi. Jeshi la Marekani lilikuwa Ufilipino, likipigana na Wamoro waliotetea nchi yao kwa visu na mapanga. Maofisa walilalamika kwamba bastola zao za kaliba 38 zilimtoboa mtu lakini hazikumsimamisha; alikuja vilevile. Basi Kapteni Thompson na Meja LaGarde wakatumwa Chicago, kwenye machinjio, wakajaribu risasi mbalimbali juu ya ng'ombe hai na juu ya maiti za watu. Wakaamua: jeshi lisichukue bastola ya chini ya 45. Kutoka uamuzi huo ikaja Colt ya 1911.

Miaka mitano kabla ya majaribio hayo, The Hague, mwaka 1899, mataifa yalijadili kupiga marufuku risasi zinazotanuka mwilini, zilizoitwa dumdum kwa jina la kiwanda kilicho karibu na Calcutta. Mjumbe wa Uingereza, Sir John Ardagh, alizitetea. Hoja yake ilikuwa kwamba askari mstaarabu akijeruhiwa hurudi nyuma, lakini mshenzi hata akitobolewa mara nyingi huendelea kuja. Marufuku ilipita, lakini ilihusu tu vita kati ya mataifa yaliyotia saini. Sisi hatukuwa tumetia saini kitu.

Hapo ndipo nilipomgeukia mjukuu wangu. Mnapobishana kwenye simu kuhusu "nguvu ya kusimamisha", nilimwambia, mnarudia maneno yaliyotungwa kwa ajili ya watu kama babu zenu. Yule ambaye risasi nyembamba haikumsimamisha, aliyewasumbua wataalamu wote hao, alikuwa Mmoro, Mhindi au Mwafrika anayekimbia kuelekea kwenye bunduki kwa sababu nyuma yake kulikuwa na nyumba yake.

Wamarekani wenyewe hawakutulia. Mwaka 1985 jeshi lao liliiacha 45 likachukua 9. Tarehe 11 Aprili 1986, huko Miami, maajenti wawili wa FBI waliuawa katika mapigano na wanyang'anyi wawili, na lawama kubwa ikaelekezwa kwa risasi moja ya 9 iliyoishia karibu na moyo bila kuufikia. FBI ikahamia milimita 10, yenye nguvu kupita zote mbili. Wengi wa maajenti wakashindwa kuimudu, inarusha mkono. Ikapunguzwa makali, ikazaliwa kaliba 40 mwaka 1990. Na katikati ya miaka ya 2010 wakarudi kwenye 9 walikoanzia. Karibu miaka thelathini ya kuzunguka mbuyu.

Ganda la tatu, Tisa, baba alikuwa nalo mfukoni siku zote. Ni dogo, nadhifu, na kitakoni limepigwa mhuri wa FN. GP ilikuwa bastola ya wakubwa, na ina historia ya kukosa aibu. Wajerumani walipoikalia Ubelgiji mwaka 1940 walikiamuru kiwanda cha Herstal kiendelee kuitengeneza kwa ajili ya jeshi lao, na wakati huohuo Saive alikuwa amekimbilia upande wa pili, na kiwanda cha Inglis, Toronto, kikaitengeneza kwa ajili ya Wachina na washirika wao. Bastola moja, majeshi mawili yanayouana.

Mwezi Julai 1960, siku chache tu baada ya uhuru, Force Publique iliasi, na maofisa wazungu wakaondoka au wakaondolewa. Makopla wakawa makapteni. Baba alikuwa sajenti wa depo chini ya mzungu mmoja. Yule mzungu alimwachia ufunguo juu ya meza, bila kuaga. Baba hakuwahi kupiga risasi vitani maisha yake yote. Kazi yake ilikuwa daftari: tarehe, idadi, kaliba, sahihi ya aliyechukua, maganda yaliyorudi. Jioni aliniita nimsomee safu za namba naye akihakiki, na ndiyo maana najua kwamba katika depo ile kosa baya kuliko wizi lilikuwa kuchanganya. Sanduku la 7.65 likiwekwa penye 9, kikosi kizima kinakuwa na fimbo mikononi.

Elimu hiyo ilimwokoa. Mwanzoni mwa Agosti 1964 Wasimba, waasi dhidi ya serikali, waliingia mjini, na jeshi la serikali likakimbia likiacha silaha. Wasimba walikuja na mikuki, mapanga na bunduki za kuokota, wakiamini dawa yao inageuza risasi kuwa maji. Walikuwa wakiwaua watumishi wa serikali, makarani, watu wa kalamu. Baba alikuwa mtu wa kalamu. Lakini walipoivunja depo, walikuta masanduku ya namna nne na bunduki za namna nne, na kila kijana alijaza kiunoni mkanda wa risasi zilizong'aa kuliko nyingine. Siku ya pili wakarudi wakilalamika kwamba bunduki zimerogwa. Baba akawaonyesha sanduku lipi ni la bunduki ipi. Wakamwacha hai, wakamwita "Docteur".

Ganda la nne liliingia koponi mwaka huo. Ni la FAL, bunduki nyingine ya Herstal na ya Saive huyohuyo: milimita 7.62, ganda lenye urefu wa milimita 51. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba tulisikia ndege nzito zikipita chini sana, kisha tukaona miavuli ikishuka upande wa Simi-Simi. Walikuwa makomando wa Ubelgiji, zaidi ya 300, wameletwa na ndege za Marekani kuwaokoa mateka. Mateka kadhaa walipigwa risasi barabarani kabla hawajafikiwa, akiwemo daktari Mmarekani Paul Carlson. Katika siku zilizofuata, jeshi na mamluki walipoushika mji, waliouawa wengi walikuwa watu wetu, nao hawakuandikwa. Nilikuwa na miaka tisa. Ganda nililiokota penye mfereji wa maji mbele ya nyumba, nikampelekea baba nikidhani atafurahi. Aliliangalia kitakoni, akalitia koponi, akasema, "Hili halikusainiwa."

Alifariki mwaka 1981. Hakuliona ganda la tano.

Hilo nililipata mwenyewe, mwezi Juni 2000. Tangu tarehe 5 hadi 10 mwezi huo, majeshi mawili ya kigeni, la Uganda na la Rwanda, yalipigania mji wetu kama watu wawili wanaopigania kiti sebuleni kwa mtu wa tatu. Waganda walikuwa upande wa kaskazini, Wanyarwanda mjini, na daraja la Tshopo katikati. Nilijilaza chini ya kitanda siku sita, na rundo la karatasi za mtihani wa wanafunzi wangu kifuani, sijui kwa nini. Labda nilidhani karatasi huzuia kitu. Makombora zaidi ya 6,600 yaliuangukia mji. Kimya kiliporudi niliokota uani ganda fupi la chuma: milimita 7.62 tena, lakini urefu milimita 39. La Kalashnikov. Nikalilinganisha na lile la FAL. Namba moja, baba mbalimbali. Risasi ya moja haifanyi kazi katika bunduki ya mwenzake. Ndiyo maana nawaita Pacha.

Nilijaribu kujua limetoka upande gani. Haikuwezekana. Majeshi yote mawili yalikuwa na Kalashnikov, na risasi zao zingeweza kubadilishana bila bunduki yoyote kulalamika. Hapakuwa tena na nene na nyembamba, ya mweusi na ya mweupe. Depo zilikuwa mbali, Kampala na Kigali, na huko bila shaka kulikuwa na mtu kama baba yangu, mwenye daftari safi, anayejua idadi ya masanduku yaliyotoka.

Kwa hiyo jibu langu kwa mjukuu ni hili. Kati ya tisa na arobaini na tano, nguvu ni ileile, na waliosema vingine wamerudi walikotoka. Katika mji huu na pande zake, kwa miaka zaidi ya 140, upana wa risasi haujaamua vita hata kimoja. Deane alikuwa na silaha bora akashindwa. Barttelot alikuwa na bastola mkononi akafa. Wasimba walikuwa na depo nzima wakadhani wamerogwa. Aliyeshinda kila mara ni yule aliyeweza kuhesabu risasi zake, na kuzileta kwa wakati.

Lakini nina neno moja zaidi, nalo si kwa mjukuu wangu peke yake. Tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, mji uleule wa mwaka 1899, iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, milioni 225 kati ya hizo kwa madhara ya watu. Nchi yetu ilikuwa imedai zaidi ya bilioni 11. Majaji hawakukana kwamba watu walikufa. Walisema kwamba ushahidi haukutosha: nani, wapi, siku gani. Wakakadiria kwa jumla, vifo kati ya 10,000 na 15,000 katika maeneo yote waliyoyachunguza. Kisangani ya Juni 2000 hutajwa kuwa na vifo vya raia 760, na kila anayetaja husema "takriban".

Risasi zilihesabiwa tangu siku za Albini, moja moja, kwa sahihi, na hata kwa mkono wa mtu. Waliopigwa nazo wakaachwa kwenye takriban. Basi wewe unayesoma haya, Makiso, Kabondo, Lubunga, Mangobo au popote ulipo, chukua daftari la mwanafunzi, la kurasa 48. Andika jina la marehemu wako, la baba yake, mtaa, tarehe, na mtu aliyekuwepo. Mwombe huyo aliyekuwepo atie sahihi. Mimi nimeanza na mtaa wangu, mjukuu wangu ndiye anayenisomea majina nikihakiki, na mpaka leo tumefikia 23.